Masaa manne mezani kwa wakwe

Dada mpendwa,

Shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi pokea tu salamu za mama wa Dodoma. Nina miaka 58, ni mwalimu wa shule ya msingi, na mume wangu ni mstaafu wa reli. Binti yetu wa kwanza alikwenda kusoma Stellenbosch, Afrika Kusini, akapata kazi Cape Town, na sasa ana mchumba, kijana wa Paarl. Barua ya posa imeshafika. Mwezi Machi tunasafiri, mimi na baba yake, kuonana na wazazi wa kijana kwa mara ya kwanza.

Wametualika chakula cha mchana siku ya Jumapili, si nyumbani kwao bali kwenye mgahawa ulio ndani ya shamba la mizabibu huko Franschhoek. Binti anasema tutaketi saa sita na nusu na tutainuka labda saa kumi na nusu. Baba yake ameuliza: masaa manne, tunakula nini? Mimi hofu zangu ni nyingi zaidi. Nimeokoka, sinywi pombe, na hapo ndipo pombe inapotengenezwa. Nikikataa wataona nimewadharau? Vyombo vyao sivijui, menyu sijui kama nitaielewa, na Kiingereza changu ni cha darasani. Bili atalipa nani? Nivae nini? Na mahari tuizungumze hapo hapo au tusiiguse?

Marehemu baba yangu alilima zabibu Mpunguzi. Nimekulia chini ya mizabibu, nimechuma, nimebeba matenga, kwa hiyo shamba lenyewe halinitishi. Kinachonitisha ni kukaa kama mgeni wa heshima mahali ambapo nimezoea kuwa mtu wa kazi.

Mama wa Binti, Dodoma

*

Marahaba, dada yangu, ingawa nadhani tumepishana kidogo sana. Nendeni, na mkae masaa yote manne.

Nianze na swali la mzee, kwa sababu ndilo lililobeba mengine yote. Masaa manne mnakula kidogo kidogo, na katikati mnazungumza. Wazazi wa kijana wangeweza kuwapa chai nyumbani, mkamaliza kwa saa moja, na kila mtu akaondoka na wasiwasi aliokuja nao. Wamechagua mahali ambapo mama wa kijana hatakuwa jikoni akikaanga, hakuna jirani atakayepiga hodi, na mhudumu hataleta bili mpaka aitwe. Wamewatengea mchana wao mzima wa Jumapili. Anayekupa muda kiasi hicho anataka kukujua, na wewe unayekwenda kumkabidhi binti yako mikononi mwa watu hawa una haja kubwa zaidi ya kuwajua wao. Itanisikitisha sana nikisikia mliinuka saa nane mkisingizia uchovu wa safari.

Ngoja nikueleze mchana wenyewe unavyokwenda. Kutoka Cape Town hadi Franschhoek ni kama kilomita 75, saa moja na ushee kwa gari. Ni bonde dogo lililobanwa na milima pande tatu, na mizabibu imepandwa hadi miguuni mwa milima hiyo. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja: wao wakiketi saa sita na nusu, tumbo lako la Dodoma linasoma saa saba na nusu. Kunywa chai nzito asubuhi, la sivyo utashiba mkate. Mkate ndio hutangulia, pamoja na siagi au mafuta ya zeituni, na glasi za kukaribishana. Halafu menyu. Chakula huja kwa zamu tatu, sahani ndogo ya kufungulia, sahani kubwa, kisha kitindamlo. Wengine huongeza jibini, na kahawa hufunga. Kati ya zamu na zamu inaweza kupita nusu saa au zaidi, na msidhani jikoni wamewasahau. Nafasi hiyo wameiacha kwa makusudi ili watu wapumue, wazungumze, na anayetaka ainuke akaangalie bustani.

Kuhusu vyakula, usiogope. Bonde hilo lina sifa ya samaki aina ya trauti, wanaofugwa katika maji baridi yatokayo milimani. Kondoo wa Karoo, ile nyika kame iliyo nyuma ya milima, nao hutafutwa sana, na wenyeji watakuambia kwamba ladha ya nyama yake inatokana na vichaka vyenye harufu anavyokula. Kwa mtu wa Dodoma, anayejua mbuzi wa nchi kavu, hilo halihitaji maelezo. Ukiona bobotie, ni nyama ya kusaga iliyoungwa kwa bizari na zabibu kavu, ikamiminiwa yai na maziwa juu yake na kuokwa. Hicho ni chakula kilichotoka katika majiko ya Waislamu wa Cape, wajukuu wa watu walioletwa utumwani kutoka visiwa vya Indonesia na Bara Hindi, na mimi ningekushauri ukiagize kama kipo. Mwisho uulizie malva, keki ya moto iliyolowekwa mchuzi mtamu wa krimu na siagi. Ukiagiza nyama utaulizwa unataka iive kiasi gani. Sema iive kabisa, bila kujieleza. Menyu ikiwa imeandikwa kwa mapambo mengi, mwite mhudumu akufafanulie, maana hiyo ni kazi yake na huifanya kwa kila meza. Visu na uma anza na vya nje, uje navyo ndani kadiri sahani zinavyobadilika. Ukimaliza, vilaze pamoja juu ya sahani. Adabu za vyombo zinaishia hapo, na mwalimu aliyefundisha darasa la watoto sitini hashindwi na uma tatu.

Sasa mvinyo. Usikubali glasi kwa aibu ukaiacha imejaa mbele yako mchana kutwa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayowafanya wakuulize kama hujaipenda. Ikimiminwa ya kwanza, sema, "Asante, mimi sinywi," mara moja, kwa tabasamu, kisha uulize kama wana juisi ya zabibu za shambani hapo. Mashamba mengi huwa nayo. Isipokuwepo, kuna rooibos, kinywaji cha majani mekundu ya kichaka kinachoota kwenye milima ya Cederberg, kaskazini mwa hapo, na hunywewa kikiwa cha moto au cha baridi. Wakiinua glasi kuwatakia heri watoto, inua na yako. Wakiwapeleka kwenye chumba cha kuonja, nenda nao. Kuonja huko ni kwa vijitone, na hata wanywaji wenyewe huvitema kwenye ndoo iliyowekwa mezani bila mtu kukunja uso. Wewe utanusa, utauliza maswali, utarudisha glasi.

Na usidhani utakuwa wa kwanza kukataa. Kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba ya jimbo la Western Cape walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, wakimiminiwa mara kadhaa kwa siku, tangu asubuhi. Mtindo huo uliitwa dop. Sheria iliupiga marufuku miaka ya 1960, lakini kwenye mashamba mengine uliendelea hadi miaka ya 1990. Madhara yake hayajaisha. Hadi leo jimbo hilo ni miongoni mwa mahali duniani ambapo watoto wengi zaidi huzaliwa wakiwa wameumizwa na pombe tumboni mwa mama zao. Kwa hiyo mtu mzima anayesema hanywi, katika mabonde yale, anaeleweka haraka kuliko unavyofikiri. Zipo familia zilizoapa kutoigusa kwa sababu zilimwona babu akiisha nayo. Huenda hata mama wa kijana naye amekuwa akitamani apate mwenzake wa kunywa juisi.

Mzee, kama anatumia, atumie glasi moja au mbili na maji mengi, maana mchana ni mrefu na jua la Machi bado ni kali. Lakini atakayeendesha gari kurudi asinywe. Kisheria kule dereva hatakiwi kuwa na kilevi kinachofika gramu 0.05 katika mililita 100 za damu, na glasi hizo za mezani zinaongezwa bila mtu kuhesabu. Akiendesha mkwe wako mtarajiwa, una haki ya kumwangalia kwa hilo. Jibu lake kwa suala hilo dogo litakuambia mengi.

Nimekaa muda mrefu na sentensi yako ya mwisho, ile ya mtu wa kazi, kwa sababu ndiyo iliyonigusa kuliko zote.

Hadithi utakayoikuta imeandikwa kwenye vibao vya Franschhoek ni ya Wafaransa. Waprotestanti wa Ufaransa, Wahugenoti, waliokimbia mateso baada ya mfalme wao kuwaondolea uhuru wa kuabudu mwaka 1685, walifika Cape kuanzia mwaka 1688 na kupewa mashamba bondeni humo. Ndiyo maana mashamba mengi yana majina ya Kifaransa hata leo. Hadithi hiyo ni ya kweli, na kwa mtu wa imani kama wewe ina uzito wake. Lakini haijakamilika. Mvinyo ulianza kukamuliwa Cape tarehe 2 Februari 1659, na kwa zaidi ya miaka 170 baada ya hapo waliochimba mashimo, waliochuma na waliobeba matenga walikuwa kwa sehemu kubwa watumwa, kutoka Madagascar, India, Indonesia, na kutoka Msumbiji, majirani zetu. Waliachiwa huru tarehe 1 Desemba 1834, kisha wakalazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale miaka minne zaidi kwa jina la uanagenzi. Zile nyumba nyeupe zenye paa la nyasi na kuta za mbele zilizopinda kama wimbi, ambazo utazipiga picha, zilijengwa kwa mikono hiyo.

Kwa hiyo, dada, mtu aliyebeba matenga ya zabibu akiketi kwenye kivuli cha mialoni hajakosea mlango. Ana haki nacho kuliko mtalii yeyote atakayekuwa meza ya pili. Keti ukijua hivyo. Sikushauri uyaseme hayo mezani kama shtaka. Hukuniambia wazazi wa kijana ni watu wa asili gani, na wala si lazima nijue. Paarl ina wajukuu wa wenye mashamba na wajukuu wa waliolima mashamba hayo, na zipo familia zenye damu zote mbili. Uliza tu bibi na babu zao walitoka wapi na walifanya kazi gani, kisha nyamaza usikilize. Swali hilo, likiulizwa kwa upole na mtu ambaye baba yake alilima zabibu, linafungua mioyo.

Nao watakuuliza, na hapo ndipo utakapogundua kwamba una mengi kuliko wao. Waambie kwamba Dodoma kuna zabibu. Wengi hawajui. Waambie mbegu yake ililetwa na wamisionari Wakatoliki pale Bihawana katika miaka ya 1950, na kwamba mkulima wa kwetu huvuna mara mbili kwa mwaka. Hapo watashangaa. Kule mzabibu hulala. Majani hupukutika, unapogolewa wakati wa baridi, kati ya Juni na Agosti, na mavuno ni mara moja tu, kuanzia Januari hadi Machi au Aprili. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza kiasi hicho, kwa hiyo mkulima mwenyewe ndiye anayeuamsha kwa mkasi wa kupogolea. Wewe umeliona jambo hilo tangu utotoni na unaweza kulieleza kwa vidole vyako juu ya kitambaa cha meza, hata Kiingereza kikigoma. Waambie pia habari za ndege, maji, na msimu ambao wanunuzi hawafiki na zabibu zinaozea shambani. Mkulima wa Paarl anaijua hofu hiyo.

Nanyi ulizeni. Mtafika wakati wa mavuno, matrekta yakivuta zabibu barabarani na harufu ya juisi inayochacha ikitoka kiwandani. Ulizieni zabibu inayoitwa pinotage. Ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Profesa Abraham Perold, aliyechanganya aina mbili za Ufaransa, pinot noir na cinsaut, kwenye chuo kile kile alichosoma binti yako. Mzee naye akianza kusogezasogeza kiti, mwambie aulizie tramu. Reli ya tawi ilifika Franschhoek mwaka 1904, na tangu mwaka 2012 kipande chake kinapitisha tramu ya watalii kutoka shamba hadi shamba. Mstaafu wa reli akishapata mtu wa kumweleza upana wa njia na aina ya injini, saa kumi na nusu itamkuta bado hajamaliza.

Kiingereza kisikusumbue. Katika nyumba nyingi za Paarl lugha ya nyumbani ni Kiafrikana, kwa hiyo huenda nao wanakopa Kiingereza kama wewe. Semeni polepole, watoto watatafsiri.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulizingatie kuliko visu na menyu. Sahani kubwa zikishaondolewa, kabla ya kitindamlo, mazungumzo hupoa. Maswali ya kazi na safari yamekwisha, watu wameshiba, kila mtu anatazama mlima. Usiharakishe kuujaza ukimya huo, wala usitoe simu kuonyesha picha. Mara nyingi ni hapo ambapo mtu husema alichokuwa amekibeba: kwamba walimpoteza mtoto mwingine, kwamba baba wa kijana alikuwa mgonjwa mwaka jana, kwamba wanaogopa mwana wao atahamia Tanzania asirudi. Hayo hayasemwi katika kikao cha chai cha saa moja. Ukiyasikia, nawe sema la kwako. Waambie unaogopa wajukuu watakaokusalimia kwa lugha usiyoijua. Ni hofu ya kweli, na ni bora waisikie kwako, wakati huu, kuliko waihisi baadaye na kudhani ni chuki.

Mahari msiiguse hapo. Ina siku yake na ina mshenga wake. Wakiuliza kwa udadisi, mzee aeleze kwa kifupi mila ilivyo na kwamba wazee wa ukoo watatuma ujumbe, kisha mgeukie jambo lingine. Kiasi cha fedha kikitajwa juu ya meza ile kitakaa hapo mpaka jioni.

Bili italipwa na walioalika. Mzee anaweza kuuliza mara moja kama achangie. Wakikataa, ashukuru na anyamaze, maana kugombania karatasi mbele ya mhudumu ni kuwanyang'anya heshima yao. Bakshishi, ambayo kule ni asilimia 10 hadi 15, wataiweka wao. Deni lako wewe utalilipa jikoni. Kabla hamjarudi, waalike kwa binti, uwapikie ugali, kuku na mlenda, na uwakalishe muda ule ule waliokukalisha.

Vaa kitenge chako kizuri, kilichoshonwa upya, na viatu vya kisigino kipana kwa sababu utatembea kwenye nyasi na changarawe. Beba mtandio, upepo wa kusini-mashariki huvuma bila taarifa. Zawadi iwe vitenge na korosho zilizokaangwa. Kama mzee anataka kumpa mwenzake chupa ya mvinyo wa Dodoma, ibaki imefungwa ikafunguliwe nyumbani kwao, kwani migahawa hutoza ada kwa chupa iliyotoka nje. Lakini usibebe kipande cha mzabibu wa baba yako, hata kama moyo unakutuma ukapande kule kwa kumbukumbu. Mwaka 1886 mdudu filoksera aliingia Cape na kuangamiza mizabibu, ikabidi mashamba yapandwe upya mizabibu iliyounganishwa kwenye mashina ya Marekani. Kipande hicho watakunyang'anya kwenye uwanja wa ndege, na watakuwa na haki.

Umwambie binti azungumze na mchumba wake wiki hii hii, ili apige simu mgahawani kuulizia juisi ya zabibu na kuomba meza ya kivulini. Jumapili za mavuno meza hizo huisha mapema.